Acheni kopi hapa: elimu ya wazee wetu isiondoke Makomeno bila tarehe

Makomeno, Lubumbashi

Leo siandiki juu ya maji wala umeme. Naandika juu ya jambo ambalo wengi watasema ni la wazungu na la matajiri. Wakinisoma hadi mwisho wataona kwamba limeshaingia uani kwao.

Siku zilizopita nilikaa na mama mmoja aliyekimbia Mitwaba wakati wa vita. Kwao alijulikana kwa dawa za miti: dawa ya tumbo la watoto, dawa ya vidonda visivyokauka, dawa ya mama aliyejifungua. Hapa mjini anauza makala kwa mafungu, na majirani bado wanamgongea usiku mtoto akishikwa na homa. Aliniambia kwamba vijana wawili walimjia, wenye adabu, wenye kadi shingoni. Walisema wanafanya utafiti. Walimwonyesha picha za majani, wakamuuliza jina la kila mti, unatwangwa namna gani, unachemshwa muda gani, anapewa nani, anakatazwa nani. Simu ilikuwa juu ya kiti inarekodi. Saa mbili nzima. Wakamwachia sabuni mbili na franka za kununua unga wa bukari, wakaaga.

"Bale batoto balibeba sauti yangu," mama aliniambia. "Miye nilibakia na nini?"

Nikamuuliza: Mama, walikuachia karatasi? Hapana. Majina yao? Moja analikumbuka nusu. Walisema watarudi? Walisema. Hawajarudi.

Sisemi vijana wale ni wezi. Pengine ni wanafunzi wanaoandika kazi ya mwisho wa masomo. Pengine kazi yao itasaidia wagonjwa kesho. Lakini swali la mama halijapata jibu, na leo nalirudisha kwa sauti kubwa. Mtu yeyote anayekuja kuchota elimu hapa kwetu, awe profesa, awe shirika, awe kampuni, aache kopi yenye tarehe. Asiyetaka kuacha kopi, asifunguliwe mlango.

Karatasi ya miaka 20

Wengi wataniuliza: kwa nini kelele yote hii kwa ajili ya kopi? Ili kuwajibu, lazima tuzungumze juu ya hataza, ile ambayo sisi wa Kongo tunaiita breve.

Hataza ni karatasi ambayo Leta inampa mtu aliyebuni kitu kipya. Kwa kawaida inadumu miaka 20 tangu siku aliyopeleka ombi. Katika muda huo, yeye peke yake ndiye mwenye haki ya kukitengeneza na kukiuza katika nchi iliyompa karatasi ile. Mwingine akitaka, aombe ruhusa na kulipa. Miaka ikiisha, kitu kinakuwa cha wote. Yenyewe si karatasi mbaya. Fundi wa Katuba akibuni mashine yake ya kusaga mahindi, naye anastahili kuilinda.

Lakini kuna sharti: kitu lazima kiwe kipya. Kama watu walikijua hadharani kabla ya siku ya ombi, hataza haifai kutolewa. Na kama ilitolewa kwa makosa, inaweza kufutwa. Sasa nani anaamua kama ni kipya? Katika ofisi kubwa za dunia, ni mkaguzi aliyekaa mezani na kompyuta. Anatafuta katika hataza za zamani, katika vitabu, katika majarida ya wanasayansi. Akikosa kuona kitu kinachofanana, anasema: hiki ni kipya.

Mama wa Mitwaba hayumo katika kompyuta ile. Bibi yake hakuandika kitabu. Kijiji chao hakina hata tangazo ukutani. Kwa macho ya mkaguzi, elimu yao haijawahi kuwako duniani.

Na kazi ya kuandika haimsubiri mtu. Mwaka 2023 peke yake, maombi ya hataza duniani yalipita milioni 3.5. China peke yake ilipokea maombi kama milioni 1.68, karibu nusu ya yote. Ofisi zote za Afrika zikijumlishwa pamoja, hazifikii ombi moja katika kila mia. Wenzetu wanaandika usiku na mchana. Sisi tunasimulia, halafu tunaaga.

Tulishawahi kuona hili: Kalukuluku

Watu wa Lubumbashi hatuhitaji kufundishwa hadithi hii kutoka mbali. Union Minière du Haut-Katanga iliundwa mwaka 1906, na mwaka 1911 tanuru lake la hapa lilitoa shaba ya kwanza. Vitabu vinasema mgodi wa Étoile "uligunduliwa". Wenyeji walikuwa na jina lao la mahali pale, Kalukuluku, na walikuwa wamekwisha kuchimba pale zamani. Wapimaji waliofika Katanga mwishoni mwa karne ya 19 na mwanzoni mwa karne ya 20 mara nyingi walionyeshwa mashimo ya kale na wenyeji, kisha wakayaandika katika ramani zao. Wazee wetu walikuwa wakiyeyusha shaba na kumimina ile misalaba tunayoiona leo katika makumbusho. Lakini ramani ilikuwa na jina la mgeni na tarehe ya mgeni. Mwenye karatasi alichukua kilima.

Kuna hata mmea mdogo unaopenda udongo wa shaba, ambao unaota kwenye vilima vyetu na mahali palipokuwa na tanuru za kale. Wataalamu wanauita Haumaniastrum katangense, na kwa Kifaransa wanauita ua la shaba. Mtu atacheka: nani atataka hataza ya majani na madini? Basi ajue kwamba mwaka 1998 Marekani ilitoa hataza juu ya njia ya kutumia mimea kuvuna nikeli na kobalti kutoka udongoni. Sisemi ilichukuliwa kwetu; mimea waliyoifanyia kazi zaidi ilikuwa mingine. Nasema tu kwamba katika mji unaoishi kwa kobalti, mtu asituambie kwamba hataza ni mambo ya mbali.

Bibi aliyeandikwa na bibi asiyeandikwa

Mwezi wa Machi 1995, Marekani ilitoa hataza kwa watafiti wawili wa chuo kikuu cha tiba cha Mississippi. Hataza ile ilikuwa juu ya kutumia manjano kuponya vidonda. Manjano, ile unga wa njano inayouzwa sokoni! Kule India mtoto akijikata, bibi anampaka manjano. Wanafanya hivyo tangu vizazi na vizazi.

Je, kusema hivyo kulitosha? Hapana. Sheria ya Marekani ya wakati ule ilikuwa hivi: matumizi ya watu walio nje ya Marekani hayahesabiki, isipokuwa yamechapishwa au yamepewa hataza. Sheria ile ilibadilika tarehe 16 Machi 2013 tu. Maana yake, kabla ya hapo, bibi elfu moja wa India au wa Katanga wangeweza kusimama mbele ya ofisi ile na kuapa, na ofisi ingejibu: mko nje ya nchi, leteni kitabu.

Baraza la utafiti wa sayansi la India lilileta vitabu. Lilileta maandiko ya kale ya Kisanskriti na Kiurdu, na makala ya jarida la madaktari wa India ya mwaka 1953. Mwaka 1997 hataza ikafutwa. India ilishinda kwa sababu bibi alikuwa ameandikwa.

Mwarobaini nao, ule mti wa nimu ambao wengi wanaupanda uani, ulipita njia hiyo. Mwaka 1994 ofisi ya hataza ya Ulaya iliwapa kampuni ya W. R. Grace na wizara ya kilimo ya Marekani hataza juu ya mafuta ya mwarobaini dhidi ya ukungu wa mimea. Mwaka 1995 kina Vandana Shiva wa India na wenzao wa Ulaya waliipinga. Mtu mwenye kiwanda kule India alitoa ushahidi kwamba yeye alikuwa akifanya kazi ya namna hiyo kabla. Mwaka 2000 hataza ilifutwa, rufaa ikafuata, na kesi ikaisha tarehe 8 Machi 2005. Miaka kumi ya mawakili, kwa mti ambao kila mtu anaujua.

India ilijifunza. Kuanzia mwaka 2001 ilijenga maktaba kubwa ya elimu yake ya asili, ikageuza maandiko ya dawa zake katika Kiingereza, Kifaransa, Kijerumani, Kihispania na Kijapani, ili mkaguzi wa Ulaya au wa Marekani asiseme tena kwamba hakuona. Wazee wa Kiswahili walishasema: mali bila daftari hupotea bila habari. India ilinunua daftari. Sisi je?

Umati unamfanyia nani kazi?

Tuje kwa jambo ambalo vijana wa simu watalipenda. Tangu miaka ya nyuma, wakubwa wa hataza waligundua kwamba mkaguzi mmoja hawezi kujua yote. Mwezi wa Juni 2007, ofisi ya hataza ya Marekani pamoja na New York Law School, kwa wazo la Profesa Beth Noveck, walianza jaribio lililoitwa Peer-to-Patent. Maombi yaliwekwa wazi kwenye intaneti, na mtu yeyote mwenye kujua ushahidi wa zamani aliweza kuuleta. Huo ndio utafiti wa umati: kazi ya mmoja kugawiwa watu wengi.

Kampuni zikaona faida. Article One Partners, kwa mfano, ilikuwa ikitoa zawadi ya pesa kwa watu wa nchi mbalimbali waliopata karatasi ya zamani inayoweza kuiangusha hataza fulani. Mwaka 2017 ilinunuliwa na kampuni kubwa ya RWS ya Uingereza. Kuna watu walioishi kwa kazi hiyo.

Mimi siimbi sifa za kazi hiyo bila kuuliza. Umati ule unamfanyia nani kazi? Mara nyingi ni tajiri mmoja anayepigana na tajiri mwenzake juu ya simu au programu. Yeye anaweka zawadi, mamia wanatafuta usiku kucha, mmoja analipwa, wengine wanalala na macho mekundu. Na anayechagua swali ni mwenye pesa. Sijaona tajiri akiweka zawadi ili itafutwe haki ya bibi wa Mitwaba. Zaidi ya hayo, umati unatafuta mahali palipoandikwa. Tukiwa hatujaandika, hata watu milioni moja wakitafuta hawatatuona.

Lakini mlango upo, na hauna bei. Katika ofisi ya hataza ya Ulaya, ombi likishatangazwa, mtu yeyote duniani anaweza kuandika kusema kwamba kitu hiki si kipya, na kutoa sababu zake. Halipi kitu. Hahitaji wakili. Hata jina anaweza kuficha. Anaweza kuandika kwa Kiingereza, kwa Kijerumani au kwa Kifaransa. Narudia: kwa Kifaransa! Ni watoto wangapi hapa Makomeno wana diploma ya Leta na wanaandika Kifaransa kizuri, na mchana kutwa wamekaa barazani bila kazi? Kwa maombi ya kimataifa yanayopitia shirika la umoja wa mataifa la hakimiliki kule Geneva, mlango kama huo ulifunguliwa mwaka 2012. Marekani nayo, tangu Septemba 2012, inapokea maandishi kutoka kwa watu wa nje kabla hataza haijatolewa.

Milango yote hiyo inauliza swali moja: ushahidi wako ni wa lini? Ulaya inakubali hata elimu iliyosemwa kwa mdomo au iliyotumiwa tu mbele ya watu, lakini lazima uthibitishe nini, wapi, lini, na nani aliona. Bila tarehe, barua yako ni malalamiko tu.

Ndiyo maana nadai kopi.

Anayekimbia anapoteza mashahidi

Jambo hili linatugusa sote, lakini linawauma zaidi waliokimbia. Mtu aliyebaki kijijini ana chifu wake, ana kanisa lake, ana wazee watakaosema: ndiyo, huyu na mama yake na bibi yake walitibu kwa mti huu. Aliyekimbia amewaacha mashahidi wake makaburini au wametawanyika, mmoja Likasi, mmoja Kolwezi, mmoja ng'ambo ya mpaka Zambia. Karatasi zake zilichomwa na nyumba. Hata mti wenyewe haupo hapa, au upo kwa jina lingine, kwa sababu Mluba anauita hivi, Msanga anauita vile, Mbemba naye ana jina lake. Mtoto aliyezaliwa hapa mjini anaona jani tu.

Kwa hiyo mtafiti mwenye haraka anapenda kwenda kwa waliokimbia. Wamekusanyika mahali pamoja, wana njaa, hawakatai sabuni, na hakuna chifu wa kumuuliza maswali. Sidhani kwamba kila mtafiti anafikiri hivyo. Lakini hata mwenye moyo mzuri, asipoacha kopi, matokeo ni yale yale. Elimu inaondoka na tarehe ya kwake, jina la kwake, na mama anabaki na sabuni.

Watakaonipinga

Wa kwanza atasema: mwandishi, watu wanatafuta bukari na sombe, wewe unawaletea habari za breve. Namjibu: hawa watu walipoteza shamba, nyumba na mbuzi. Kilichobaki kwao ni kile walichobeba kichwani. Mtu akija kuchukua hicho nacho, hiyo ni habari ya bukari.

Wa pili atasema: ukiandika, unawafundisha wezi. Huyu ana hoja, na sitaki kumdanganya mtu. Elimu ikishatangazwa hadharani, mgeni hawezi tena kuipatia hataza kama ilivyo, lakini wewe pia huwezi, na mtu yeyote anaweza kuitumia bila kukulipa. Kwa hiyo tugawe vitu viwili. Kile ambacho kijiji kizima kinakijua, kama dawa ya kikohozi ambayo kila mama anaichemsha, kiandikwe na kitangazwe, maana hakuna siri ya kulinda, kuna haki ya kulinda tu. Kile ambacho ni siri ya ukoo, kisisemwe kwa simu ya mtu yeyote kwa ajili ya sabuni. Kama mgeni anakitaka, aje na mkataba. Nchi yetu imekubali Itifaki ya Nagoya, ambayo inadai ruhusa kabla ya kuchukua na kugawana faida baada ya kuchukua. Na kopi inaweza kufungwa kabatini bila kutangazwa. Hata maktaba ile ya India, kwa miaka mingi, ilifunguliwa kwa wakaguzi wa hataza tu.

Wa tatu atasema: mtawafukuza watafiti, na dawa hazitapatikana. Huyu namjibu kwa mfano wa Mkongo mwenzetu. Profesa Jean-Jacques Muyembe alikwenda Yambuku mwaka 1976, akachukua damu ya mgonjwa, damu ikapelekwa Antwerp nchini Ubelgiji, na kwa miaka mingi sifa ya kugundua Ebola ikaenda kwa wengine. Mwaka 1995 kule Kikwit, yeye na wenzake waliwapa wagonjwa 8 damu ya watu waliopona, 7 waliishi. Safari hii kazi iliandikwa na kuchapishwa mwaka 1999. Baadaye, kutoka kwenye damu ya mtu aliyepona Kikwit, ikapatikana dawa inayoitwa mAb114, iliyojaribiwa Kivu Kaskazini kuanzia mwaka 2018 na kukubaliwa na Marekani mwezi wa Desemba 2020. Dawa ile inauzwa na kampuni ya Marekani, na hilo nalo ni mjadala wa siku nyingine. Lakini hakuna anayeweza kusimulia historia yake bila kutaja Kikwit na Muyembe. Na mwaka 2019 profesa huyo alisema sampuli za damu zitabaki Kongo. Anayetaka kuchunguza aje hapa. Je, watafiti walikimbia? Hawakukimbia. Walikuja.

Kama profesa mkubwa anaweza kudai damu ibaki, mama wa Makomeno anaweza kudai kopi ibaki.

Na Leta iko wapi?

Sheria yetu ya mali ya viwanda ni namba 82-001 ya tarehe 7 Januari 1982. Ina umri wa mtu mwenye wajukuu. Ilitungwa wakati wa Zaire, kabla ya intaneti kufika kwetu. Majirani wamejiunga katika vyama: wengi wanaosema Kifaransa wako katika OAPI yenye makao Yaoundé, wengi wanaosema Kiingereza wako katika ARIPO yenye makao Harare. Kongo yetu kubwa haimo katika OAPI wala katika ARIPO. Fundi wa Lubumbashi anayetaka kulinda kazi yake anaelekezwa Kinshasa, safari ambayo nauli yake inameza mtaji wote.

Tarehe 24 Mei 2024, kule Geneva, nchi za dunia zilikubaliana mkataba mpya. Utamlazimisha anayeomba hataza iliyotokana na mmea au kiumbe hai aseme mmea ule umetoka nchi gani, na kama ametumia elimu ya wenyeji, aseme ni wenyeji gani. Mkataba huu hauanzi kufanya kazi mpaka nchi 15 ziuidhinishe. Wabunge wa Haut-Katanga, mnapokuja kuomba kura mnatuita wazazi wenu. Basi tunawauliza, kama wazazi: mmeusoma? Mmeuliza serikali juu yake? Lakini hata mkataba ule ukianza kesho, mkaguzi atamuuliza mwenyeji: uthibitisho wako uko wapi? Tutarudi kwenye kopi ile ile.

Tunachodai, na tunachoweza kufanya wenyewe

Kwa watafiti na mashirika: mkija, semeni majina yenu na anayewatuma. Andikeni kwa lugha ambayo mama anaielewa mnachokwenda kufanya na maneno yake. Kabla ya kuondoka, acheni kopi ya maswali na majibu, yenye tarehe na sahihi, moja kwa aliyesema, moja kwa shefu wa mtaa. Sauti mliyorekodi, itumeni katika simu ya mtoto wa nyumba ile siku ile ile. Hamtapoteza kitu. Anayekataa jambo dogo namna hii, tumuulize anaficha nini.

Kwa shefu wa mtaa na wakubwa wa commune: fungueni kaye moja ya watafiti. Nani alikuja, lini, aliuliza nini, aliacha nini. Muhuri wenu, ile kashe mnayopigia karatasi za kila siku, ipigeni hapo pia.

Kwa vijana wenye kalamu: kila Jumapili, saa moja, kaa na mzee mmoja. Nunua kaye ya shule. Andika jina la mti katika lugha yake, kijiji alichotoka, alifundishwa na nani, mti unatumiwa kwa nini. Anayekataa kusema siri yake, mheshimu na kumshukuru. Weka tarehe, weka sahihi za watu wawili walioshuhudia. Kopi moja ibaki kwa familia, nyingine iombewe mahali katika maktaba ya Chuo Kikuu cha Lubumbashi au katika parokia. Wenye Kifaransa kizuri wajifunze kusoma maombi ya hataza, ambayo yametangazwa bure kwenye intaneti, na siku wakiona mti wetu ndani yake, waandike barua.

Kwa redio zetu: kipindi cha dawa za kienyeji kinapopita hewani, elimu ile inakuwa ya hadharani siku ile. Tunzeni rekodi na tarehe yake. Lakini mwambieni mzee kabla ya kufungua mikrofoni kwamba anachosema hapo hakitakuwa siri tena. Na mkumbushe wasikilizaji kwamba mgonjwa mahututi anapelekwa hospitali. Kuandika dawa si kuthibitisha kwamba inaponya.

Kwa familia zilizokimbia: msione aibu kuuliza. Adabu yetu inatufundisha kumpokea mgeni, kumpa kiti na maji. Kumuuliza jina lake na kumwomba kopi si kukosa adabu.

Nilirudi kwa yule mama na kaye ya kurasa 48 na mjukuu wake wa darasa la sita. Tulianza na mti wa kwanza. Mjukuu aliandika jina lake kwa Kiluba, akafuta, akaandika tena, kwa sababu bibi alisema herufi moja imekosea. Chini yake aliandika tarehe, na bibi akaweka alama ya kidole. Ilituchukua nusu saa. Miti mingine inasubiri Jumapili ijayo.